Rangi Sifuri: Sifa za Kompyuta Iliyokubali Kufuata

Kila anayeandika kuhusu kompyuta ya Amiga huanza na Andy Warhol, kwa hivyo wacha nami nianze naye ili tumalizane naye mapema. Tarehe 23 Julai 1985, katika ukumbi wa Lincoln Center jijini New York, kampuni ya Commodore ilizindua mashine hiyo mbele ya wageni waliovalia kisawasawa. Picha ya mwimbaji Debbie Harry ilinaswa kwa kamera ya video, ikaingizwa kwenye kompyuta, na Warhol akaanza kuijaza rangi kwa kubofya hapa na pale. Watu wakapiga makofi. Mwaka wa 2014 diski zake za siku hizo zikafufuliwa, na ndani yake kukapatikana mkebe wa supu na Zuhura wa Botticelli mwenye macho matatu. Habari ikazunguka upya. Kwa wengi, hiyo ndiyo historia yote ya sanaa ya Amiga: msanii mkubwa, mashine mpya, picha ya kupendeza.

Mimi naona walialika msanii asiyefaa. Picha ya Debbie Harry ilikuwa imesimama. Ilitolewa kwenye mkondo wa video, ikagandishwa, ndipo ikapakwa rangi. Kazi kama hiyo hata kompyuta nyingine za wakati huo zingejaribu, tena bila aibu kubwa. Kile ambacho Amiga ilikuwa nacho na jirani zake hawakuwa nacho ni tabia isiyopigiwa makofi: ilikuwa tayari kuiacha saa yake na kufuata saa ya mwingine. Mafundi waliita kifaa cha kazi hiyo jenloki. Nadhani jenloki ina mengi ya kutufundisha kuhusu picha kuliko zile diski za Warhol, na wakosoaji wa sanaa wameiruka manake inafanana na kazi ya fundi wa nyaya.

Hebu tuelewane kwanza shida ilikuwa gani. TV za zamani, zile nene za kioo kizito, hazikuwahi kuwa na picha nzima kwa wakati mmoja. Zilikuwa na mwale wa elektroni uliochora mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, kwa kasi ya kudanganya jicho. Kwetu, katika mfumo wa PAL, mistari ilikuwa 625, na TV ilichora nusu picha 50 kila sekunde: mistari witiri kwanza, kisha ile shufwa. Marekani walitumia NTSC, mistari 525 na nusu picha karibu 60, au 59.94 ukitaka kuwa mkali.

Sasa chukua kanda ya VHS ya harusi inayocheza kwenye deki, na kompyuta iliyoandikwa jina la bibi harusi. Unataka jina likae juu ya picha. Kuunganisha nyaya hakutoshi, juu kompyuta nayo inachora mistari yake kwa saa yake. Deki ikiwa mstari wa 40, kompyuta iko wa 311. Ukizichanganya hivyo hupati jina juu ya shela. Unapata matope yanayoteremka kwenye skrini.

Kama ulicheza kamba ukiwa mdogo, hapa hutapotea. Wawili wanazungusha, wa tatu anataka kuingia. Haingii tu kama ng'ombe. Anasimama kando, anatikisa kichwa na kamba, anaipima, kisha anaingia. Kamba haimngoji wala haijui kama anakuja. Kazi yote ya kulandana ni yake.

Na anapima vitu viwili: kasi ya kamba, na saa ngapi aanze. Sisi tunaoongea Kiswahili tumeishi na tofauti hiyo kichwani tangu utotoni. Saa moja jioni yetu na saba ya Kiingereza ni dakika ile ile. Zote zinakwenda kasi moja, zimeachana kwa masaa sita tu, na hazijawahi kuachana zaidi. Shida kubwa inayoweza kukupata ni kukubaliana mkutane nane, wewe ufike baada ya chakula cha mchana, mwenzako atokee usiku. Hiyo ni tofauti ya mahali pa kuanzia, na inatibika kwa kuongeza au kutoa sita. Lakini saa inayopoteza dakika moja kila siku ni ugonjwa mwingine. Hiyo huwezi kuitibu kwa hesabu ya sita. Inabidi uifungue uiguse mapigo. Jenloki hufanya yote mawili: inaifanya kompyuta ipige kwa kasi ya picha ya nje, kisha inasogeza mwanzo wa kila mstari mpaka vyote viwili vianze pamoja.

Amiga iliweza hivyo kwa sababu ya asili yake. Jay Miner na wenzake walikuwa wamewaza mashine ya michezo ya kuchomekwa kwenye TV ya sebuleni, kwa hivyo hesabu yote ya ndani ilifuata televisheni. Prosesa ya toleo la Marekani ilipiga megahezi 7.16, ambazo ni mara mbili kamili ya wimbi la rangi la NTSC. Toleo la PAL lilipunguzwa kidogo hadi 7.09. Nyuma, kwenye tundu la pini 23 la kupeleka picha kwenye monita, kulikuwa na pini ya kupokea saa kutoka nje. Ukichomeka jenloki hapo, si picha tu inayobadilika. Mashine nzima, hadi prosesa inayofikiria, inaanza kupiga kwa saa ya mgeni.

Linganisha na kompyuta za ofisi za wakati huo. Mwaka wa 1987 IBM ilileta VGA, iliyochora mistari kama 31,500 kwa sekunde, mara mbili ya televisheni. Picha safi kabisa kwa mhasibu. Lakini haikuweza kuingia kwenye kamba ya TV bila mtambo wa ziada wa kuitafsiri. Ilikuwa na kasi kubwa, na haikuwa na mtu wa kucheza naye.

Halafu kulikuwa na ile hila ya rangi sifuri. Amiga ilizipa rangi zake namba kuanzia 0, na hiyo sifuri ndiyo ilikuwa rangi ya nyuma, ile inayobaki mahali ambapo hujachora kitu. Jenloki ikifika penye rangi hiyo inapisha, na video ya nje inapita. Kwa hivyo mchoraji wa Amiga alikuwa na vifaa viwili: rangi alizoweka, na pengo aliloliacha. Akijaza skrini yote, amemfukuza bibi harusi kwenye harusi yake. Akiacha yote wazi, hajafanya kazi. Hapa ndipo napata kipimo changu cha ukosoaji: kazi nzuri ya jenloki inajulikana kwa jinsi ilivyotumia rangi sifuri.

Kwa kipimo hicho Video Toaster haipati alama nyingi, hata kama ndiyo inayoimbwa kuliko zote. Toaster ilitoka mwishoni mwa 1990, kutoka kampuni ya NewTek ya Tim Jenison huko Topeka, Kansas. Ilikuwa kadi unayochomeka ndani ya Amiga 2000, na ghafla una miksa ya picha, mashine ya kuandika majina na programu ya michoro ya pande tatu kwa dola elfu chache, wakati ambapo stesheni zilikuwa zikilipa mara nyingi zaidi ya hizo. Hilo siwezi kulidharau. Lakini tazama picha zenyewe. Kila kitu kinaruka. Tukio linakunjwa kama ukurasa, linaviringishwa, kondoo wanadondoka kutoka juu ya skrini ili tuhame kutoka mahojiano hadi hali ya hewa. Hiyo ni sanaa ya mgeni anayefika matangani na honi. Video iliyo chini haikuwa na nafasi ya kusema lolote.

Wanaoitetea hutaja Babylon 5, ambayo filamu yake ya kwanza ilionyeshwa mwaka wa 1993 na vyombo vyake vya angani vilitengenezwa kwa LightWave, programu iliyokuja na Toaster. Ni kazi kubwa, nakubali. Lakini angalia vizuri: vyombo vile vilichorwa fremu moja moja, kompyuta ikikaa peke yake kwa muda mrefu ikihesabu mwanga. Hakuna kamba inayozungushwa, hakuna wa kufuatwa. Toaster ilipata heshima yake kubwa mahali ambapo ilikuwa imeacha kulandana na mtu.

Tena kuna jambo ambalo nyimbo za sifa huliruka. Toaster ya Amiga ilijua NTSC pekee. Toleo la PAL halikutoka. Yale mapinduzi ya kila mtu kuwa na stesheni yake yaliishia pale NTSC inapoishia. Nairobi, London, Dar na Berlin hatukualikwa, na tofauti yetu haikuwa ya masaa sita ya kuongeza na kutoa. Ilikuwa kasi.

Ukitaka kuona jenloki ikifanya kazi kwa adabu, nenda kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviita sanaa. Kwenye nyaya za televisheni za Marekani kulikuwa na chaneli iliyoitwa Prevue Guide, na nyuma yake zilikuwa Amiga zilizofungiwa katika vyumba vya mitambo. Nusu ya juu ya skrini, matangazo ya filamu. Nusu ya chini, ratiba ya vipindi ikipanda polepole. Ni hayo tu. Kompyuta imechukua nusu yake na kumwachia mwenzake nusu.

Au nenda kwa ile kanda ya harusi. VHS ni saa mbovu sana: utepe unanyooka, mota inasita, na hakuna mstari unaofika hasa wakati wake. Toaster, kwa sababu ilikuwa ikichanganya picha kadhaa kwa pamoja, ilitaka kila deki ipitishwe kwanza kwenye mtambo wa kunyoosha muda, na mtambo huo ulikuwa gharama nyingine. Yaani ilisema, jirekebishe kwanza ndipo uingie kwangu. Jenloki ya bei nafuu, ile ya kompyuta moja na deki moja, haikumwambia mtu ajirekebishe. Kanda ikitetemeka, inatetemeka nayo. Jina la bibi harusi linayumba kidogo kushoto, linarudi, pamoja na keki, pamoja na shangazi, pamoja na hema. Hii yumbayumba ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za enzi hiyo. Herufi ziko ndani ya siku yenyewe, zinapumua nayo.

Kuna upande wa pili wa kesi hii na lazima usikizwe. Steina na Woody Vasulka, yeye kutoka Iceland na mumewe kutoka Czechoslovakia ya zamani, walianzisha ukumbi wa The Kitchen huko New York mwaka wa 1971, na katika miaka hiyo waliichokoza video kwa kukataa kuilandanisha. Waliacha mapigo ya mistari yapishane makusudi, picha ikatiririka kando, ikatoka kwenye monita moja na kuingia ya pili na ya tatu kama maji. Ukitazama kazi hizo unaona kwamba fremu, ile tunayoichukulia kama dirisha, ni makubaliano tu ya saa. Wakivunja makubaliano, dirisha linayeyuka. Ni hoja nzito: anayelandana anaficha kwamba kuna saa, anayekataa anaionyesha.

Nimeifikiria hoja hiyo sana na bado siko upande wao. Kukataa kulandana ni anasa nzuri ukiwa na studio na monita zako mwenyewe. Aliye na deki moja na kompyuta ya kuazima anataka kuingia kwenye picha ambayo tayari inakwenda. Na ukitazama huku kwetu utaona kwamba kazi zetu nyingi bora zimezaliwa hivyo hivyo.

Chukua DJ Afro. Wengi wetu tulijua filamu za kupigana kupitia sauti yake kabla hatujazijua kupitia wenyewe. Filamu ni ya Hong Kong au ya Bombay, saa ni yake, haisimami kumngoja. DJ Afro anaingia kamba. Anashusha sauti ya wahusika, anawapa majina mapya, anawagombeza, kisha ngumi inapokaribia ananyamaza sekunde moja ili ngumi isikike. Ukimya ule ni rangi sifuri. Uganda nao wana VJ wao wa Kiganda, kama VJ Jingo, wanaofanya hesabu ile ile. Hakuna anayeweza kuniambia hao ni watu waliokosa filamu zao. Wamepanda juu ya saa ya mwingine wakachora yao.

Lakini kufuata kuna bei, na hapa ndipo nataka kuwa makini nisije nikahubiri utumwa. Wasee wanaopiga video kwa simu Nairobi wanaijua ile mistari myeusi inayotembea ukirekodi ndani ya duka lenye taa za bomba. Wengi wanalaumu simu kuwa feki. Hiyo mistari ni saa mbili zinazogombana. Umeme wetu ni wa hezi 50, tuliorithi kwa Mwingereza, na taa hizo zinamulika mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi huja zimepangwa kurekodi fremu 30, kasi ya Marekani. Gawanya 100 kwa 30 unabaki na desimali. Gawanya kwa 25 unapata 4 kamili. Nyumba ina saa yake, simu ina saa ya kwingine, na hakuna kati yao aliyeulizwa kama atamfuata mwenziwe.

Mitambo ya leo imetatua ugomvi kwa njia nyingine. Miksa ndogo za HDMI, zile unazozikuta kanisani na kwenye harusi za kurushwa mtandaoni, hazimlazimishi mtu kufuata mtu. Kila picha inayoingia inawekwa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha inatolewa kwa saa ya miksa. Ikiwahi inasubirishwa, ikichelewa ile ya awali inarudiwa. Ni rahisi na inaokoa kazi. Gharama yake utaiona Jumapili: mwimbaji yuko mbele, na skrini kubwa nyuma yake inamwiga ikiwa imechelewa kidogo, mdomo umefungwa na sauti bado iko hewani. Jenloki ilikubaliana kabla. Kumbukumbu inasuluhisha baadaye. Na pale ambapo kuchelewa hakukubaliki hata chembe, jenloki bado inaitwa. The Mandalorian, iliyotoka mwaka wa 2019, ilipigwa mbele ya kuta za LED zinazochora jangwa nyuma ya mwigizaji, na kazi ya aina hiyo inataka ukuta na kamera vipige kwa saa moja.

Nasema haya nikiwa na maslahi. Niliacha chuo, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Kazi nyingi naifanya usiku, juu wanaolipa wako Marekani, masaa saba hadi kumi na moja nyuma yangu. Mtaa wangu ukiamka mimi nalala. Mengi ya ninayoandika hutoka bila jina langu. Kuna wenzangu wengi jijini wanaoishi hivyo, na tunapenda kusema ati tuko huru juu hatuna bosi wa kutugongea mlango. Mwili wote unapiga kwa saa ya mgeni, kama ile prosesa. Tofauti ni kwamba Amiga ilifuata saa lakini picha iliyobandikwa ilikuwa yake na ilionekana. Ukifuata saa ya mtu na pia ukawa rangi sifuri, umekuwa dirisha la kuoneshea kazi yake.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Amiga haikuvunja jicho, ililifumba tu. Ukichomoa jenloki na kuiwasha upya inarudia kristali yake na kupiga kama ilivyozaliwa. Kwa hivyo maswali ninayouliza sasa, iwe ni filamu, video ya simu au kazi ya kulipwa, ni matatu. Saa ni ya nani? Nimeweka rangi gani, na pengo nimemwachia nani? Na nikichomoa waya, saa yangu bado inapiga?

Kuhusu ile mistari ya dukani, fungua mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa hezi 50, halafu rekodi kwa fremu 25. Hiyo angalau haihitaji falsafa.